Swala halindwi na mtu, mbona mbuzi wangu ndio wanaoliwa?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mfugaji wa Simanjiro, mashariki ya Hifadhi ya Tarangire. Mwezi uliopita, usiku wa mvua kubwa, mnyama aliingia kwenye boma la mbuzi. Asubuhi tulikuta 19 wamekufa, wengi wana tundu mbili mbili kooni na nyama haijaguswa. Mmoja hatukumwona kabisa. Boma ni la miiba na halikuvunjwa popote. Nje tuliona nyayo za mviringo zisizo na alama za kucha, zinaelekea korongoni kwenye miti mikubwa. Wazee wanasema ni fisi, tena wa kutumwa, maana fisi wa kawaida angekula akashiba akaondoka. Vijana wameshapata sumu ya kuweka kwenye mizoga. Wanasema tukiwamaliza hawa wanyama, hata swala watajaa tena kama zamani. Nina maswali. Kwa nini aue 19 na kubeba mmoja? Swala wanalala porini bila boma wala mchungaji, mbona wao hawamalizwi? Na hiyo sumu itasaidia? Halafu kuna jambo dogo: mbuzi waliobaki wanagoma kuingia bomani jioni, mpaka tuwachape."*

Marahaba, na pole sana. Aliyefuga anajua mbuzi 19 ni ada ya shule ya watoto wangapi, kwa hiyo sishangai kwamba vijana wameshika sumu. Lakini kabla hawajaiweka popote, naomba uwasomee aya inayofuata.

Huyo hakuwa fisi. Wewe mwenyewe umeshatoa ushahidi wote. Fisi hafichi kucha zake, kwa hiyo kwenye tope la mvua zingeonekana mbele ya kila kidole, kama za mbwa. Jamii ya paka hukunja kucha ndani wakitembea, isipokuwa duma, na duma hawindi usiku wa mvua ndani ya boma. Tundu mbili mbili kooni ni chonge za mnyama anayeua kwa kukaba. Fisi huanza popote meno yalipofika, kwenye tumbo, kiweo au kiwele, na akiwa na nafasi hula mpaka mifupa. Ungekuta madoa ya damu na vipande vya ngozi, si mizoga mizima. Boma halikuvunjwa kwa sababu halikuhitaji kuvunjwa, mnyama aliliruka. Yule mbuzi mmoja ambaye hamkumwona, mtafuteni juu ya mti kule korongoni. Huyo ni chui. Vijana wanataka kumhukumu fisi kwa kosa la chui.

Nakiri kwamba nina upande katika jambo hili, kwa sababu fisi amesingiziwa siku nyingi. Hadithi zetu zimemfanya mlafi, mjinga na kipando cha wachawi, na hata vitabu vya wazungu vilimwita mla mizoga tu. Miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk aliwafuata fisi usiku kwa usiku katika Ngorongoro na Serengeti. Akakuta kwamba sehemu kubwa ya chakula chao wanaiwinda wenyewe, na kwamba mara nyingi simba wanaoonekana alfajiri wamekalia mzoga, huku fisi wakizunguka pembeni, ndio walionyang'anya. Anayefika saa mbili asubuhi anamwona simba na kudhani yeye ndiye mwindaji. Basi wazee wako wasilaumiwe sana, kosa hilo walilifanya na wasomi.

Sasa swali lako la kwanza: kwa nini aue 19 na kubeba mmoja? Wengi hulijibu kwa neno ukatili, au kisasi, au kutumwa. Jibu lenyewe linatisha kidogo zaidi kwa sababu halina nia yoyote ndani yake. Kuwinda si tendo moja. Ni mlolongo: kutafuta, kunyemelea, kurukia, kuua, kula. Shibe huzima kutafuta na huzima kula, lakini kurukia na kuua haikuzimi kwa urahisi, kwa sababu porini hapakuwahi kuwa na haja hiyo. Chui akimkamata swala pala mmoja, wenzake wameshatoweka kabla hajamaliza kumkaba. Nafasi ya kumuua wa pili haipo, kwa hiyo hata breki ya kumzuia asimuue haikujengeka. Usiku ule bomani kwako, kila alipoachia koo moja palikuwa na mbuzi mwingine anayekimbia mbele ya uso wake, anagonga miiba, anarudi, analia. Kwa akili ya chui, kitu kinachokimbia kinakamatwa. Porini kingekimbia kikaenda zake. Bomani kilikimbia bila kwenda popote, na yeye akaendelea mpaka harakati zilipokoma.

Porini pia hutokea, ila mara chache, na huwa usiku unaofanana na wako. Kruuk huyohuyo aliandika juu ya usiku mmoja wa giza na dhoruba Serengeti ambapo fisi waliua swala tomi zaidi ya 80, na wengi wao hawakuliwa. Katika giza lile na mvua ile swala walishindwa kukimbia ipasavyo, na uwanda mzima ukageuka boma. Kumbuka jambo hili, kwa maana linajibu nusu ya swali lako la pili: swala huokolewa na uwezo wa kuondoka, na ukimwondolea uwezo huo kwa usiku mmoja tu anakufa kama mbuzi.

Umeandika kwamba swala hana mlinzi. Anao, tena wengi, ila wamo mwilini mwake. Wa kwanza ni macho na masikio ya kundi. Swala mmoja akiinamisha kichwa kula, mwingine ameinua. Utafiti wa Serengeti ulionyesha kwamba duma, akichagua kati ya swala tomi wawili walio karibu, humwendea yule asiyeinua kichwa mara kwa mara. Mlinzi mwingine umemwona mara nyingi pengine bila kujua anachofanya: swala tomi akifukuzwa na mbwa mwitu huruka juu miguu yote minne ikiwa imekakamaa, kana kwamba anacheza ngoma huku kifo kinamfuata. Inaonekana ni upuuzi, kupoteza nguvu wakati kama huo. Watafiti walipohesabu, wakakuta mbwa mwitu huwafuata zaidi wale wanaoruka kwa uvivu. Kuruka ni kutangaza: mimi nina pumzi, mtafute mwingine. Na mbwa mwitu huamini tangazo hilo kwa sababu ni gumu kulighushi. Swala mgonjwa haruki hivyo.

Halafu kuna mbio. Watu hudhani swala huokoka kwa sababu ana kasi kuliko anayemfukuza. Kwa misuli, hapana. Kule kaskazini mwa Botswana watafiti waliwavika simba, pundamilia, duma na swala pala mikanda ya shingoni yenye vipima mwendo, wakapima na misuli yao. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Misuli ya simba na duma ilikuwa na nguvu zaidi kwa asilimia 20 kuliko ya mawindo yao. Walichomoka kwa kasi zaidi kwa asilimia 37 na kufunga breki vizuri zaidi kwa asilimia 72. Kwenye mstari ulionyooka swala amekwisha. Kinachomwokoa ni kwamba yeye ndiye anayechagua lini wakate kona. Mara nyingi hakimbii kwa kasi yake yote, anabakiza kidogo, na dakika ya mwisho anageuka ghafla pembeni. Anayefukuza analazimika kujibu badala ya kuanzisha, na kadiri alivyokuja kwa kasi ndivyo anavyopitiliza. Umewahi kumwona mtoto mdogo akimkwepa kaka yake mkubwa uani kwa kuzunguka mtungi wa maji? Ni mchezo uleule.

Na nyumbu, hao wanakuja kwenu. Wakati wa mvua nyumbu wa Tarangire hutoka hifadhini na kuja kuzaa kwenye nyanda za Simanjiro, penye majani mafupi yenye madini wanayohitaji mama wanaonyonyesha. Kwa nyumbu wa Serengeti, ambao wamechunguzwa zaidi, takribani asilimia 80 ya ndama huzaliwa ndani ya wiki tatu hivi. Ndama husimama dakika chache baada ya kuanguka chini. Kwa siku hizo chache wanyama walao nyama hushiba mpaka wakashindwa, na maelfu ya ndama hupita wakiwa hai kwa sababu tu matumbo ya simba na fisi yana mwisho. Ndama anayezaliwa mwezi mmoja baadaye, peke yake, macho yote ni kwake.

Hayo yote hayakupangwa na kikao. Kwa vizazi visivyohesabika, swala aliyechelewa kugeuka hakuacha watoto, na duma aliyeshindwa kufunga breki alilala njaa. Angalia tofauti hapo: duma akishindwa mbio amekosa mlo, kesho atajaribu tena. Swala akishindwa hana kesho. Ndiyo maana wawindaji wengi hukosa mara nyingi kuliko wanavyopata. Ukiangalia filamu za wanyama unaweza kudhani kila mbio huishia kwenye damu, kwa kuwa mbio zisizo na damu mhariri amezikata.

Sasa turudi kwa mbuzi wako. Si kwamba ni mjinga. Babu zake ni mbuzi mwitu wa milima ya Iran na Uturuki, na silaha yao kubwa ilikuwa jabali: adui akitokea wanapanda mahali ambapo hakuna mguu mwingine unaoweza kukanyaga. Yapata miaka 10,000 iliyopita binadamu alianza kuwafuga, na kila kizazi aliwabakiza wale wapole, wasioshtuka ovyo, wanaokubali kubanana zizini. Wale wenye hofu kali walitoroka au waliishia chunguni. Kisha tukawaleta uwandani, ambako hata kale kaujuzi ka kupanda majabali kaliko bado miguuni mwao hakana mahali pa kutumika. Utamwona mbuzi wako amesimama juu ya kichuguu au amepanda mti ulioinama. Hiyo ni kumbukumbu ya jabali. Halafu usiku tunamfungia ndani ya duara la miiba asitoke. Walinzi wote wa swala tumemvua, na kazi yao tumeichukua sisi, kuanzia macho hadi uwezo wa kuondoka. Boma linaloweza kurukwa linamfungia mbuzi bila kumfungia chui nje, na hilo ndilo lililotokea kwako.

Kuhusu hoja ya vijana kwamba wakiua wanyama walao nyama swala watajaa: wana nusu ya ukweli, na nitakuwa mwongo nikiwanyima nusu hiyo. Kaskazini mwa Serengeti, kati ya miaka ya mwanzo ya 1980 na 1987, ujangili na sumu vilipunguza sana simba, fisi na wenzao. Nyamera, swala pala, swala tomi na wengine wa ukubwa huo waliongezeka. Wawindaji waliporudi, wakapungua tena. Twiga hawakuonyesha tofauti yoyote. Watafiti Anthony Sinclair, Justin Brashares na Simon Mduma, Mtanzania aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), waliweka mpaka wenyewe kwenye uzito wa kilo 150 hivi. Mnyama mdogo kuliko hapo ana maadui wengi, kuanzia simba hadi bweha anayechukua watoto wake, na idadi yake hushikiliwa na meno. Mnyama mkubwa zaidi hushikiliwa na majani.

Nyumbu wanaohama ni mfano mzuri wa upande wa pili. Mwaka 1961 Serengeti walikuwa kama 250,000. Kufikia 1977 walikuwa karibu milioni 1.3. Simba hawakuwa wameondoka. Kilichoondoka ni sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowaua na nyumbu, baada ya ng'ombe wa wafugaji jirani kuchanjwa. Chanjo iliyochomwa kwenye boma la ng'ombe iliwaongeza nyumbu mara tano. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba hakuna bunduki iliyowahi kufanya kazi kama ile, na wahusika walikuwa wanawatibu ng'ombe tu.

Kwa hiyo swala wa Simanjiro wamepungua kwa sababu gani? Kwa sehemu kubwa, kwa mashamba yaliyofunga njia zao za kwenda na kurudi Tarangire, na kwa nyama ya porini inayouzwa usiku. Ukiua chui wa korongo lako hutafungua njia hata moja. Tena utafungua mlango mwingine. Nchini Ghana, maeneo yaliyopoteza simba na chui yalijaa nyani, na nyani wakahamia mashambani. Watoto wakatolewa shule kwenda kulinda mazao. Kama una mahindi au maharage karibu na korongo hilo, chui anakufanyia kazi ambayo humlipi. Najua kwamba mwezi huu unaona ameshajilipa mwenyewe kupita kiasi, na huna makosa.

Sumu sasa. Niseme wazi: msiweke. Ni kosa kisheria, na vijana wanapaswa kulijua hilo kabla ya kufungua chupa, lakini hebu tuache sheria kando tuangalie kama itafanya kazi. Mzoga wenye sumu haumchagui anayekula. Watakaofika kwanza ni tumbusi, kisha bweha, mbwa wenu na fisi. Chui huyu alishabeba chakula chake akaenda nacho; huenda asiguse mizoga yenu kabisa. Nchini Botswana mwaka 2019 tukio moja la mizoga ya tembo iliyotiwa sumu liliua tumbusi zaidi ya 500. Tumbusi wakiisha, mzoga wa ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa unakaa siku nyingi, na harufu yake inawaita fisi na mbwa karibu na nyumba zenu. India ilipopoteza tumbusi wake miaka ya 1990 kwa sababu ya dawa ya mifugo iitwayo daikilofenaki, mbwa wasio na mwenyewe waliongezeka mno. Na hata mkifanikiwa kumuua chui huyu, eneo lake halitakaa wazi. Chui dume huwazuia wengine. Akitoka, vijana wa chui wanaotangatanga huja kugombea nafasi, na kijana asiye na uzoefu ndiye mwepesi kujaribu mbuzi.

Lakini kuna jambo ambalo wahifadhi wengi hawapendi kulisema, nami nitalisema. Chui aliyefanikiwa mara moja anaweza kurudi. Si kwa sababu ameonja damu ya mbuzi akalewa, kama wasemavyo watu, ila kwa sababu amejifunza kwamba pale mlo ni rahisi. Mwindaji hufanya hesabu: nguvu nitakazotumia na hatari ya kuumia, nikilinganisha na nyama nitakayopata. Jeraha dogo la mguu linaweza kumuua chui kwa njaa, ndiyo maana ni mwoga wa vitu asivyovielewa. Kazi yako ni kuiharibu hesabu hiyo, haraka, kabla hajarudi kuifanya tena.

Njia iliyo bora kwa chui ni boma la wavu wa waya lenye paa. Ukuta peke yake humzuia fisi, chui haumzuii. Huko kwenu Simanjiro shirika la African People & Wildlife limesaidia familia kujenga kuta hai: wavu wa waya unashikiliwa na miti ya Commiphora, ile ambayo ukikata tawi na kulichomeka ardhini linachipua, kwa hiyo nguzo haziozi wala haziliwi na mchwa, na kila mwaka ukuta unakuwa mnene zaidi. Kwa ng'ombe unatosha. Kwa mbuzi, jenga kizizi kidogo ndani yake na ukifunike juu kwa wavu au kwa miti iliyobanana. Wavu una gharama, na najua unaniuliza hela itoke wapi wakati 19 wamekufa. Anza na kizizi cha vitoto na majike wenye mimba, wengine wafuate. Angalia sana mlango. Nimeona maboma mazuri yaliyofungwa kwa tawi moja la mgunga.

Taa zinasaidia kwa muda. Kijana wa Kimaasai, Richard Turere, aliyekulia jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, aligundua kwamba simba hawaogopi taa iliyotulia, wanaogopa inayotembea, kwa kuwa inafanana na mtu mwenye tochi. Akaunganisha balbu zinazowaka kwa zamu kwa kutumia betri kuukuu ya gari na kifaa cha indiketa ya pikipiki. Tatizo ni kwamba wanyama huzoea. Zibadilishe mahali mara kwa mara, na usizitegemee peke yake.

Mbwa ni kengele nzuri, si askari. Chui hula mbwa. Wafunge karibu na kizizi, wapate chanjo ya kichaa, na mtu awe tayari kuamka wakibweka. Usiku wa mvua kubwa hawasikii wala kunusa vizuri, kwa hiyo ndio usiku wa binadamu kukesha. Msimu wenyewe ni wa hatari: kiangazi mawindo hujikusanya kwenye maji na wawindaji hujua pa kuwakuta, mvua zikinyesha mawindo hutawanyika, majani hurefuka, na boma linabaki kuwa mahali pekee penye nyama isiyohama. Huko Tsavo pia simba walivamia mifugo zaidi wakati wa mvua.

Kuna mbinu moja ya kuchekesha ambayo nakutajia kwa ajili ya ng'ombe wako wa mchana. Katika Delta ya Okavango, Botswana, watafiti waliwachora ng'ombe macho mawili makubwa matakoni. Kwa miaka minne, kati ya ng'ombe 683 waliochorwa macho hakuuawa hata mmoja na simba au chui. Kati ya 835 wasiochorwa kitu waliuawa 15, na kati ya 543 waliochorwa alama ya msalaba tu waliuawa wanne. Simba na chui hutegemea kutoonekana; wakidhani wameshaonwa, wengi huacha. Lakini ng'ombe wale walikuwa wamechanganyika na wasiochorwa, na kundi zima likichorwa simba anaweza kuzoea. Kwa fisi, anayewinda kwa kufukuza hadharani, huenda macho ya rangi hayana maana. Na kwa mbuzi aliyefungiwa usiku, usijisumbue.

Kumkamata chui na kumhamisha kunaonekana ni huruma kwa pande zote. Mara nyingi hurudi, au hufa akigombana na wenyeji wa huko alikopelekwa, au huanza kula mifugo ya watu wengine. Uamuzi huo waachie wenye mamlaka.

Hao uwaone wiki hii hii. Ripoti kwa serikali ya kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya, ukiwa na picha za mizoga, za nyayo (weka kiberiti pembeni ili ukubwa uonekane) na orodha ya waliokufa. Tangu 2011 kuna kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi. Jina lenyewe linakueleza: ni pole ya serikali, si bei ya mbuzi wako. Idai hata hivyo, kwa sababu tukio lisiloandikwa ni kama halikutokea. Mizoga iliyobaki ichomwe au izikwe shimo refu, mbali na boma. Afisa mifugo awaone mbuzi waliojeruhiwa wakabaki hai, maana jeraha la meno ya chui hufunga juu na kuoza ndani.

Kuna mambo yasiyongoja hata barua. Mtu yeyote akiumwa au kuparuzwa na mnyama, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa. Vijana walioshika ile sumu kwa mikono mitupu, yeyote akitokwa na mate na jasho jingi, akitetemeka au kubanwa kifua, apelekwe mara moja na chombo cha sumu kipelekwe pamoja naye. Chui akionekana mchana kati ya nyumba, au akichechemea, au asipomwogopa mtu, piga simu kwa askari wanyamapori. Na asiingie mtu kule korongoni kumfuata. Niliposema mtafuteni mbuzi mtini nilimaanisha kwa darubini, kutoka mbali.

Limebaki lile ulilolieleza kama jambo dogo. Huko Laikipia, Kenya, watafiti waliwafuatilia swala pala wakakuta kwamba wanakwepa vichaka, hata kama vina majani mazuri, kwa sababu chui na mbwa mwitu huwaulia humo. Wanakaa mahali peupe wanakoona mbali. Hivyo kule vichakani miti isiyo na miiba mikali inasitawi bila kuliwa, na peupe imebaki ile yenye miiba. Hofu ya swala imepanga hata miti ya nchi. Mbuzi wako hawajasahau kila kitu cha mababu zao, ndugu yangu. Wanajua vizuri kabisa ni wapi wenzao walikufa, na pua zao zinawaambia kwamba damu bado ipo kwenye samadi. Usiwachape. Zoa samadi yote ya juu mpaka ufike udongo mkavu, itoe nje mbali, hamishia mlango upande wa pili, na kwa siku chache za kwanza mtangulize beberu au yule jike mzee ambaye wengine humfuata. Wakikataa kabisa, jenga kizizi kipya mahali pengine, peupe, mbali na majani marefu na mbali na korongo. Mahali walipochagua wenyewe kulala jioni hizi wanapogoma, umepaangalia? Nenda ukapaangalie kabla hujachimba nguzo ya kwanza.